Kutembea Mipakani: Somo Juu ya Kijiji cha Kiingereza

Habari za Uingereza zinazotufikia, nyingi ni za London, za viwanda na za bandari. Habari za vijiji vyake ni chache, wala si ajabu, maana kijiji hakipigi kelele. Lakini mtu akitaka kuelewa jinsi watu wa nchi ile walivyojifunza kuyakata mambo yao kwa mashauri, afadhali aanze kijijini, tena aanze na mambo madogo: njia ipitayo katika shamba la jirani, mtaro uliozibwa, ua wa miiba uliokua hata kuifunga barabara.

Katika somo hili twataka kuangalia jambo moja tu, nalo ndilo hili: vitu vilivyo vya watu wote katika kijiji, kama njia, malisho na mipaka, hulindwaje visiliwe kidogo kidogo? Twasema kidogo kidogo kwa makusudi. Mwizi wa ng'ombe huja usiku mmoja, na asubuhi zizi huonekana tupu. Bali alaye njia kwa jembe hula mfuo mmoja mwaka huu, na mfuo mmoja mwaka ujao, na baada ya miaka ishirini njia haipo. Wala hapana siku moja iwezayo kutajwa ya kuwa ndiyo siku ya wizi.

Watu wa vijiji vya Uingereza waliipata dawa ya jambo hili tangu zamani, nayo ni miguu. Kila mwaka walikwenda, wakatazama.

Yatupasa kwanza kujua ya kuwa kijiji cha Kiingereza kilihesabiwa pamoja na kanisa lake. Nchi iliyohudumiwa na kanisa moja ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo haukuwa wa ibada tu. Kwa sheria ya mwaka 1555 kila mtaa wa namna hiyo ulipewa kazi ya kutengeneza barabara zake. Wenyeji walitoka kwa siku zilizoamriwa, wakafanya kazi pasipo mshahara. Tena kwa sheria ya mwaka 1601, katika siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mtaa ulipewa kazi ya kuwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenyeji wenyewe. Basi angalieni jinsi mpaka ulivyokuwa neno kubwa. Mjane mwenye haki ya kukaa upande huu wa kijito alilishwa na watu wa huku. Mwenye haki ya kukaa ng'ambo alilishwa na watu wa kule. Shimo la barabarani lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijulikana kwa mpaka.

Na ramani zilikuwa chache sana. Kwa hiyo ramani ilitiwa katika vichwa vya watoto. Siku zile za kuitangulia sikukuu ya Kupaa kwake Bwana, ambazo sisi Walutheri twazikumbuka kwa jina la Jumapili ya Rogate, kasisi alitoka pamoja na wazee na vijana, wakazunguka mpaka wote, wakiyaombea mashamba yaliyopandwa. Amri iliyotolewa mwaka 1559 ilimtaka kasisi awakumbushe watu njiani laana ya mtu aondoaye mpaka wa jirani yake, ile iliyomo katika Kumbukumbu la Torati. Kila walipofika penye jiwe, au mti mkubwa, au kijito kilichokuwa alama, walisimama, na wavulana wakaipiga alama ile kwa fimbo nyembamba. Mahali pengine mvulana mwenyewe alishikwa akagongeshwa jiweni, au akatumbukizwa majini, kisha akapewa peni au mkate mtamu ili anyamaze. Mwalimu wa leo hawezi kuisifu namna hii ya kufundisha. Lakini ilifundisha kweli, maana mzee wa miaka sabini aliweza kusimama mbele ya hakimu na kulionyesha jiwe bila kusitasita, kwa kuwa mgongo wake ulilikumbuka.

Katika karne ya 19 wapimaji wa serikali walichora ramani za nchi nzima, nao walipofika kijijini waliwaomba wenyeji waijuao mipaka watangulie kuwaonyesha. Baada ya hapo desturi ya fimbo ilififia, ingawa ziko sehemu ambazo bado huishika mpaka leo, nusu kwa ukumbusho, nusu kwa furaha ya watoto.

Sasa tuingie ndani ya mpaka, tuyaangalie mashamba. Katika sehemu nyingi za katikati ya Uingereza kijiji cha zamani hakikuwa na shamba la mtu huyu hapa na la mtu yule kule, kila moja na ua wake. Palikuwa na mashamba makubwa mawili au matatu, yasiyo na ua ndani yake, na kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika, kimoja penye udongo mzuri, kimoja penye mawe, kimoja bondeni penye maji. Hivyo hakuna aliyepata uzuri wote, wala hakuna aliyepata ubaya wote. Kati ya kipande na kipande hapakuwa na kitu ila mfuo wa jembe. Mavuno yakiisha, wanyama wa kijiji waliingia kula mabua. Palikuwapo pia mbuga ya wote, na hata mtu asiye na kipande cha kulima aliweza mara nyingi kufuga ng'ombe mmoja au mabata-bukini machache, na kuokota kuni.

Mashamba haya yaliondolewa karibu yote. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuyagawanya na kuyazungushia nyua, nazo zilihusu eka kama milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu ya tano ya nchi yote ya Uingereza. Mambo yalikwenda hivi: wenye ardhi waliomba sheria, Bunge likaangalia kama waliokubali wanatosha, kisha wakawekwa wakubwa wa kugawanya, na mpimaji wao, nao wakamkatia kila mwenye haki kipande chake mahali pamoja. Lakini kukubali kwenyewe kulipimwaje? Bunge lilitazama hasa thamani ya ardhi ya waliokubali, wala si hesabu ya vichwa vyao. Bwana mmoja mwenye eka elfu aliweza kuwashinda majirani hamsini. Tena aliyepewa kipande kidogo ilimpasa kuchimba mtaro na kupanda ua kwa gharama yake, na wengi waliona afadhali kuuza. Naye aliyefuga ng'ombe mbugani kwa desturi tu, pasipo hati, mara nyingi hakupewa kitu.

Hatusemi ya kuwa mabadiliko haya hayakuleta faida yo yote. Mkulima mwenye shamba lake pamoja aliweza kujaribu mbegu mpya na kuzalisha mifugo bora bila kungoja shauri la kijiji kizima, na miji iliyokuwa ikikua ilihitaji chakula. Lakini faida ilikwenda huku na hasara ikaenda kule. Kijiji cha Helpston katika Northamptonshire kilipata sheria yake mwaka 1809. Huko alizaliwa mwaka 1793 John Clare, mwana wa kibarua, ambaye baadaye alikuwa mtunga mashairi mashuhuri. Naye aliandika kwa uchungu juu ya njia zilizofungwa na mahali alipochezea utotoni palipogeuka kuwa pa mtu mmoja. Wanasheria wa siku zile waliandika mengi juu ya mpango huo. Vibarua walioandika ni wachache sana, ndiyo sababu sauti ya huyu imedumu.

Hata hivyo kijiji kimoja kilisalia, nacho twataka kukaa nacho kidogo. Ni Laxton, katika Nottinghamshire. Sehemu ya nchi yake ilizungushiwa nyua kama kwingine, lakini mashamba makubwa matatu hayakufungwa kabisa, nayo hulimwa kwa utaratibu wa zamani hata leo. Majina yake ni Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini na Shamba la Kinu. Mwaka 1635 mtu aitwaye Mark Pierce alikichora kijiji chote katika ramani kubwa, iliyotunzwa Oxford katika maktaba ya Bodleian. Ndani yake vipande vya wakulima vimeonyeshwa kimoja kimoja, na katikati yake amechora watu wadogo wakilima na kuvuna, na wanyama wao.

Mashamba haya matatu huzunguka kwa zamu. Mwaka mmoja shamba hupandwa ngano wakati wa vuli, kabla ya baridi kuu. Mwaka wa pili hupandwa mazao ya masika. Mwaka wa tatu hupumzika au huoteshwa majani ya mifugo. Yapo pia majani yaotayo pembeni na mabondeni, mahali ambapo jembe haliwezi kufika vizuri, nayo ni sehemu zisizolimwa kamwe. Hapo ndipo jaribu lilipo. Trekta ya siku hizi ina nguvu, na mwenye kipande cha kando aweza kuongeza mfuo mmoja katika majani yale, au katika njia, bila mtu kuona.

Lakini wako watu wa kuona. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza walioapishwa, ambao ni wakulima wa pale pale, huenda katika shamba lililopandwa ngano mwaka ule. Siku hizi huchukuliwa katika gari la kukokotwa na trekta, kisha hushuka na kutembea. Huangalia kama mtu amelima kupita mpaka wake, kama ameila njia, kama mitaro imesafishwa. Penye shaka hupima, na kupigilia vigingi kuonyesha mpaka wa haki. Makosa huandikwa. Baada ya kama juma moja baraza hukutana katika Dovecote Inn, ambayo ni nyumba ya pombe ya kijiji. (Wasomaji wetu wasikwazike sana: katika vijiji vile nyumba hiyo mara nyingi ndiyo yenye chumba kikubwa chenye moto, na Desemba ya Uingereza haina huruma.) Hapo msimamizi hufungua baraza, makosa husomwa, faini hutozwa, na wazee wa mwaka ujao huapishwa.

Faini zenyewe ni ndogo, wala hazimfilisi mtu. Sisi twadhani ya kuwa nguvu yake haimo katika fedha. Mkosaji anahukumiwa na watu watakaokutana naye kesho penye lango la shamba, na mwaka ujao huenda yeye mwenyewe akawa mmoja wa wanaotembea na kupigilia vigingi katika vipande vyao. Mwaka 1977 Bunge liliyaondolea mabaraza ya kale ya namna hii uwezo wa kuhukumu, lakini baraza la Laxton liliachiwa wake. Ardhi imebadili mikono mara kadhaa: mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia serikali, yaani wizara ya kilimo, mwaka 1981 ikapewa wasimamizi wa mali ya Taji, mwaka 2020 ikanunuliwa na milki ya Thoresby, ambayo ni ya jamaa ile ile ya Manvers. Katika mabadiliko hayo yote baraza lilikutana.

Mtu aweza kusema, Laxton ni kitu cha kutazamwa tu, kama chungu cha kale. Vijiji vingine vyatusaidia nini? Tujibu kwa habari ya njia za miguu, maana hizo zimo katika vijiji vyote.

Katika Uingereza na Wales kuna njia za watu wote zipatazo maili 140,000, na nyingi hupita katika ardhi ya mtu binafsi. Udongo ni wake. Kupita ni kwa wote. Hawezi kukuzuia ukipita, wala wewe huwezi kuhema kambi au kuchuma matunda yake. Njia hizi nyingi hazikutengenezwa na serikali. Zilitengenezwa na watu waliokwenda kanisani, kinuni, shuleni na kazini, na miguu yao ndiyo hati. Sheria ya mwaka 1932 ilisema wazi ya kuwa watu wakipita mahali miaka 20 bila kificho, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, njia huhesabiwa kuwa imetolewa kwa wote, isipokuwa mwenye ardhi aonyeshe ya kuwa hakukusudia kuitoa. Kwa namna hiyo hiyo kiwanja kilichochezewa na wenyeji miaka 20 chaweza kuandikwa kuwa uwanja wa kijiji.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1949, iliyoamuru kila wilaya kubwa iwe na ramani ya njia zote za watu wote. Nani atazitembea njia hizo na kuziandika? Kazi ikawaangukia watu wa mabaraza ya vijiji. Katika vijiji vingine walikwenda kwa bidii, wakiuliza wazee, wakiandika kila lango na kila ngazi ya kuvukia ua. Katika vingine waliandika chache, wakaenda zao. Pengine mwenye shamba kubwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Njia iliyoandikwa ina ulinzi kamili wa sheria. Njia iliyoachwa haikupotea kwa kuachwa, lakini anayetaka iandikwe sasa hana budi kutafuta ramani za karne zilizopita na kuleta ushahidi wa wazee, na shauri hilo laweza kuchukua miaka mingi. Kazi ya jioni chache, isipofanyika, imewatwika wajukuu mzigo mkubwa.

Hata iliyoandikwa yahitaji macho. Kwa sheria ya mwaka 1990 mkulima haruhusiwi kulima njia ipitayo ukingoni mwa shamba. Ile ipitayo katikati aweza kuilima ikiwa hana namna nyingine, lakini baada ya kulima kwa kupanda ana siku 14 tu za kuirudisha, ipate upana wa meta moja angalau, tena ionekane. Ni nani atakayehesabu siku hizo? Si polisi. Ni mwanamke apitaye na mbwa wake kila asubuhi; huyo ndiye atakayemwandikia karani wa baraza la kijiji.

Baraza hilo lenyewe limetokana na sheria ya mwaka 1894. Kabla yake mambo ya kijiji yaliamuliwa katika mkutano wa kanisa, na mara nyingi kasisi na bwana mwenye ardhi ndio waliosema. Sheria ile ilitenga mambo ya serikali na mambo ya kanisa, ikawapa watu kura, na wanawake nao, walioolewa na wasioolewa, wakaruhusiwa kupiga kura na kuchaguliwa katika mabaraza hayo, miaka mingi kabla hawajapata kura ya Bunge. Leo katika Uingereza mabaraza ya vijiji na ya miji midogo yapata 10,000. La kijiji lina wajumbe wasiopungua 5, wengi wao wakifanya kazi bila mshahara, na karani. Tangazo la mkutano hubandikwa mahali pa wazi siku tatu kamili kabla yake, na kwa sheria ya mwaka 1960 mtu ye yote aweza kuingia na kusikiliza. Tena mara moja kila mwaka, kati ya tarehe 1 Machi na tarehe 1 Juni, wapiga kura wote wa kijiji huitwa wakutane.

Mambo wanayoyashughulikia hayatapata kuandikwa katika vitabu vya historia: makaburi, bustani za kukodisha, mabembea ya watoto, kibanda cha kungojea basi, mavi ya mbwa njiani. Kuhusu nyumba mpya wana haki ya kuulizwa, si haki ya kuamua. Shule, basi na barabara kubwa zi mikononi mwa wengine walio mbali, na hapo ndipo maumivu ya vijiji vingi leo. Basi hupungua kwa sababu abiria ni wachache, na abiria huwa wachache kwa sababu basi limepungua. Nyumba hununuliwa kwa bei kubwa na watu wa mjini, na vijana waliozaliwa pale huhamia penye nyumba rahisi. Tena viti vya baraza mara nyingi havipati wagombea wa kutosha. Watakao huingia bila kupigiwa kura, na pengo hujazwa kwa kumwomba jirani. Hili twaliona kuwa baya kuliko faini zote za Laxton, maana haki ya kusema katika mambo ya kijiji ilipatikana kwa shida.

Dukani mambo ni tofauti kidogo. Duka la mwisho la kijiji likitaka kufungwa, mzee asiye na gari hana mahali pa kununua mkate wala pa kutia barua. Vijiji mamia kadhaa vimejibu kwa kulinunua duka wenyewe. Watu hutoa hisa, huchagua kamati, na wengi husimama nyuma ya meza kwa zamu bila malipo, mmoja Jumatatu asubuhi, mwingine Alhamisi jioni. Na kura katika mkutano wao hazihesabiwi kwa fedha, kama zilivyohesabiwa eka katika siku za kufunga mashamba: mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache kila mmoja ana kura moja.